Karatasi ya Daktari na Mguu wa Tata

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu nyote, mliokaa mbele na nyinyi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Mchungaji ameniagiza niandike ushuhuda wangu kwenye karatasi kisha niusome ulivyo, nisiongeze neno. Ananijua. Nikisimama hapa mikono mitupu, watu huanza kucheka hata sijataja jina la Yesu. Basi nimeandika. Kuna mahali mtacheka na sitawazuia, lakini jambo lililonileta mbele yenu si la kuchekesha. Ni mguu wa baba yangu. Ilibaki kidogo tu ukatwe, na mimi ndiye niliyeufikisha hapo.

Nitamwita Tata, kama tunavyomwita nyumbani. Kwa Ekegusii, lugha yetu, "baba" ni mama, na nikianza kuchanganya mambo hayo, wageni wetu wa kutoka upande wa ziwani watashindwa kujua ni nani hasa nyumbani kwetu mwenye ndevu.

Tata mnamfahamu, ni mzee wa kanisa hili. Ndugu zangu, kabla ya ugonjwa alikuwa na tumbo. Sisemi kwa dharau. Lilikuwa tumbo la heshima. Siku ya Sabato liliingia kanisani kwanza, Tata akafuata, na watu wakasogea kulipa nafasi. Akina mama walimwambia mama yangu, "Mama Mogaka, wewe unajua kutunza mume." Hakuna aliyemtazama akasema mtu huyu ataugua. Kwetu mgonjwa ni mtu aliyekonda. Mnene ana ng'ombe, ana shamba la majani chai, ana mke anayepika. Hata mimi nilimwomba Mungu anipe tumbo kama lile nikimaliza shule.

Na msimamo wake kuhusu chakula ulikuwa imara kuliko nguzo za jengo hili. Nguruwe hajawahi kukanyaga ua wetu. Samaki asiye na magamba, hapana. Pombe, hapana. Tumbako, hapana. Chai nayo, jamani, tuna ekari nzima ya majani chai, tunayachuma mvua na jua, lakini hakuna jani hata moja lililowahi kuingia kwenye sufuria yetu. Tata alisema chai inasumbua mishipa ya watu, na kwa kuwa Wazungu wameitaka wenyewe, acha wapelekewe. Badala yake alikunywa maziwa moto yenye sukari, vijiko sita vya kujaa. Kikombe kikubwa asubuhi, kingine saa nne, viwili jioni. Ndizi mbivu hakuzihesabu moja moja, alizihesabu kwa vichana. Ukimwambia apunguze anakuuliza, "Nionyeshe katika Walawi mahali sukari ilipokatazwa." Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Mimi nilitafuta kweli. Haipo.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu nyumba nzima iliamini hivyo, na wengi wenu hapa mliamini hivyo. Tulidhani Mungu ametupa orodha ya vitu vibaya, na kila kisicho kwenye orodha tumeruhusiwa kukila mpaka kiishe. Mwili wetu ulikuwa safi. Kama ni safi, utauguaje?

Kuhusu kutembea, mzee wa kanisa hatembei mpaka akatoka jasho. Kutembea ni kazi ya mtoto aliyetumwa, kukimbia ni kazi ya mwizi. Tata alikuja kanisani ameketi kwenye keria ya baiskeli, na kaka yangu Mogaka ndiye aliyekanyaga pedali, vilima na vyote. Mogaka akapata miguu ya mchezaji mpira. Tata akapata pumzi fupi.

Halafu tumbo likaanza kushuka.

Lilishuka haraka. Shati likawa kubwa, mshipi ukatobolewa tundu jipya, kisha lingine. Tata akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani, na kabla jogoo hajawika ameshakwenda nyuma ya nyumba mara nne. Mama ndiye aliyewaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mrefu kuelekea pale Tata alipokuwa akisimama kukojoa. Samahani kwa kutaja mambo haya kanisani, lakini sisimizi ni viumbe vya Mungu na ndio waliokuwa wa kwanza kujua ukweli.

Tata aliwafikiria sana wale sisimizi. Siku ya tatu akatupa maelezo mezani.

"Sukari inavuja," akasema. "Mwili unaimwaga nje. Ndiyo maana nimekonda."

"Sasa tutafanyaje?" Mama akauliza.

"Debe likivuja unafanyaje? Unaongeza maji."

"Mimi ningeziba tundu," Mogaka akasema.

"Wewe nyamaza. Ulianguka hesabu."

Basi tukaongeza. Vijiko sita vikawa vinane. Shangazi Kerubo, dada yake Tata aliyeolewa Nyakoe, akasikia kwamba ndugu yake amebaki shati tupu, akaanza kuja kila wiki na ndizi mbivu kichwani na sukari nguru kwenye kikapu. Akifika anamkamata Tata mkono, anaupima kwa vidole vyake, kisha anamgeukia Mama na kumtazama vibaya, kana kwamba nyama zilizopotea amezificha yeye.

Mwishowe Tata alianguka shambani, wakampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mgeni asiyejua lugha yetu. Nesi alieleza kila kitu kwa Kiswahili, lakini Tata aliporudi alikumbuka maneno matatu tu, ugonjwa, sukari na karatasi. Vidonge vilikuwa kwenye chupa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na alikuwa ameiweka ndani ya Biblia. "Mtoto wetu wa sekondari atatusomea," akasema.

Mtoto wa sekondari ni mimi. Nilikuwa Fomu Tu, yaani kidato cha pili, bwenini karibu na Sironga, na kijijini kwetu mtoto wa Fomu Tu ni posta, ni wakili, na akibanwa sana ni daktari pia. Kila barua ya Kiingereza iliningoja mpaka nije nyumbani. Nami nilikuwa na tabia, naitubu leo hadharani, ya kuongeza mstari mmoja wangu mwishoni. Jirani yetu mmoja alipata barua ya mtoto wake aliyeko kazini Nakuru. Nilimsomea vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikaongeza, "Na huyo anayewasomea mpeni kuku." Nilipewa kuku. Bwenini walicheka mpaka msimamizi akaja na fimbo.

Basi nikaja nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na Tata akakusanya watu sebuleni. Mama, Mogaka, shangazi Kerubo. Akafungua Biblia, akatoa karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Sikilizeni ilivyosema. Aache sukari, soda na sukari nguru. Ndizi mbivu apunguze sana. Ale mboga za majani, maharagwe, na ugali wa kiasi. Atembee nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila siku. Ameze vidonge, na ikiwa vidonge vitamfanya atetemeke na kutoka jasho, basi wakati huo tu anywe kitu kitamu kidogo. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba miguu yake iangaliwe kila jioni, katikati ya vidole na chini ya nyayo, kwa maana ugonjwa huu huua hisia za miguu, na mtu anaweza kuumia asijue.

Niliyasoma yote kimoyomoyo. Nikainua macho. Walikuwa wananitazama kama nimeshika zile mbao za mawe za Musa.

Na mimi nikapiga hesabu. Sukari ikitoka nyumbani, uji wangu utakuwa wa maji, na ule mfuko wa sukari ambao Mama hunifungia wa kwenda nao shule utakwisha. Tata akiambiwa atembee, nani atatumwa kumsindikiza? Mogaka ana shamba. Ni mimi, tena wakati wa likizo, saa ile ile vijana wanapopiga mpira. Na kulikuwa na jambo la tatu, dogo, la aibu. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, hata akiwa Fomu Tu. Kwa miaka yote niliyoishi nilikuwa nimeitazama tu ikipita.

"Daktari anasema," nikaanza, kwa sauti ya daktari, "mgonjwa apumzike. Asitembeetembee. Akijihisi mnyonge anywe kitu kitamu."

"Amina," Tata akasema. Shangazi akampiga Mama jicho la ushindi.

"Ameze vidonge."

"Nameza."

"Na asile firigisi."

Tata akaiweka Biblia chini.

"Firigisi?" Tata akauliza. "Firigisi ya kuku imemkosea nini yule Mzungu?"

"Inakaza mishipa, Tata. Imeandikwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi. Tutatii."

"Sasa ataila nani?" Mama akauliza.

Nikaigeuza karatasi, nikaitazama upande wa nyuma uliokuwa mtupu. "Hapa wanasema mtu kijana."

"Wameandika na jina lako?" Mogaka akaniuliza. Nilijifanya sikusikia.

Ndugu zangu, baadaye nililifikiria sana jambo hili. Katika yote niliyosema, Tata alihoji neno moja tu, lile lililomnyima kitu. Ya kupumzika na kunywa tamu aliyameza bila kutafuna. Watu wanadhani kumdanganya mzee ni kazi ngumu. Mimi sikuona ugumu wowote. Nilimrudishia tu yale aliyokuwa ameyaamini tangu zamani, nikayabandika jina la daktari.

Shule ikaendelea. Firigisi nikala, na niseme ukweli, sikuona kitu cha ajabu ndani yake. Tata akazidi kukonda na kuzidi kuongezewa.

Likizo ya Agosti ikafika. Nyumbani tulikuwa na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, jozi moja, na mwenye kuzivaa ni Mogaka anapokwenda kuchuma majani chai. Asubuhi moja nikachukua kizibo cha soda, nikakitia ndani ya gambuti ya kushoto, meno yakiangalia juu, nikaenda kukaa jikoni kungoja Mogaka apige mayowe. Kumbe alikuwa ametumwa soko la Daraja Mbili na mzigo wa ndizi, ametoka na baiskeli mapema. Aliyetokea mlangoni amevaa gambuti ni Tata. Majani yetu yalikuwa yamekataliwa kwenye kituo cha kupimia siku mbili mfululizo, na alitaka kwenda mwenyewe kuzungumza na mkaguzi. Baiskeli haipo, mvua imenyesha, akaamua kwenda kwa miguu.

Nikajiambia atapiga hatua tatu atasimama. Akapiga tatu. Akapiga kumi. Akapita lango, akapita shamba la jirani, akasalimia watu barabarani, akapotea kwenye kona. Nilingoja ile kelele mpaka masikio yakaniuma. Haikuja.

Alirudi saa kumi alasiri akiimba wimbo wa kitabuni.

Nikajipa moyo kwamba kizibo kilidondoka. Mama akaniita nimpelekee Tata maji ya kunawa miguu, kama kawaida. Nikapiga magoti mbele yake na karai, nikaivuta gambuti ya kulia. Sawa. Nikaivuta ya kushoto, na soksi ilikuwa nyekundu mpaka kifundoni. Kizibo kilikuwa kimezama chini ya vidole, nyama imekifunika nusu. Tata alikuwa anamweleza Mama habari za mkaguzi. Nilikishika kwa kucha nikakichomoa. Aliendelea kueleza. Hata sauti haikubadilika.

Aliponiona nimeduwaa akauliza, "Ni nini hicho?"

"Kijiwe, Tata."

Akatazama yale maji, akacheka kidogo. "Mguu wangu siku hizi umekuwa mpole. Haulalamiki."

Nilikwenda nyuma ya jikoni kuyamwaga yale maji mekundu. Zile herufi kubwa za mwisho wa karatasi nilikuwa nimezisoma kwa macho yangu, nikaziruka kwa sababu hazikuwa na faida kwangu. Sasa zilikuwa zimesimama mbele yangu zote.

Mngedhani nilikimbia ndani kuungama. Hapana. Nilinyamaza siku kumi na mbili. Kidonda kikafura, kikawa cheusi pembeni, na harufu yake ikaanza kutangulia mlangoni kama lile tumbo la zamani. Shangazi akaleta majani ya kusaga na sukari nguru mara mbili ya kawaida ili mgonjwa apate nguvu ya kupona. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikikoroga maziwa yake. Wazee wakaja kuomba, na Tata, kwa kuwa alinipenda, akasema mtoto naye aombe. Nikafumba macho. Nikasema, Bwana, kama kuna kinachozuia uponyaji, kiondoe. Nilipolitamka neno hilo nilijua kabisa kinachozuia kimepiga magoti mahali gani.

Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, kukawa na ugomvi. Mama alitaka Tata arudishwe hospitali siku ile ile. Shangazi alikataa. Alisema hospitali wanajua kukata tu, ndugu yake apelekwe kwake Nyakoe, kuna mzee wa dawa, na yeye atamlisha mpaka anenepe, maana mtu mnene hawezi kuoza mguu. Walizozana juu ya kitanda chake kana kwamba yeye hayupo. Tata alikuwa na homa. Akainua mkono.

"Leteni karatasi ya daktari," akasema. "Mtoto asome tena. Tuone kama kuna mahali hatukutii."

Nikaishika. Nilijua naweza kusoma vile vile kama kwanza, na hakuna mtu duniani angejua. Mguu ungekwenda Nyakoe, na baada ya mguu, mwenye mguu. Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona nuru. Nilichosikia ni mdomo wangu ukisoma mstari wa kwanza ulivyo, aache sukari, na baada ya hapo sikuweza kukoma. Nilisoma yote. Nikasoma ya ndizi, nikasoma ya kutembea, nikasoma ya miguu. Kisha nikasema, "Mara ya kwanza niliwadanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Sikuwa nimejiandaa kwa kile kilichofuata.

"Anadanganya sasa," shangazi akasema.

"Shangazi, ni kweli."

"Daktari gani atakataza ndizi? Ndizi ni nguruwe? Mtu amekonda hivi aambiwe ale majani na azurure barabarani asubuhi na jioni kama kichaa? Mtoto huyu anacheza na sisi, kama alivyocheza na jirani kwa kuku."

Kumbe habari ya kuku ilijulikana. Hata Mama, aliyekuwa upande wangu, alinitazama kwa shaka. Maneno yangu ya uongo waliyaamini kwa sababu yalikuwa matamu, na sasa nimeleta ukweli unaouma, na aliyeubeba ni mtu wa mizaha. Nililia. Nikawaambia na ya kizibo, kwamba nilikitia mimi, kwamba hakikuwa kijiwe, kwamba Tata alitembea nacho kwenda na kurudi.

Tata akaniuliza, "Nilitembea na kizibo kutwa?"

"Ndiyo, Tata."

"Mama Mogaka," akasema, "leta sindano yako."

Mama akaleta ile sindano ya kushonea magunia. Tata akageuza uso ukutani. "Mchome," akamwambia dada yake. "Asichome mtoto, wala mke wangu. Choma wewe. Vidoleni. Nitasema nikisikia."

Shangazi Kerubo akaishika sindano. Alianza na kidole gumba, kwa woga, kisha akaongeza nguvu. Akaenda cha pili. Akaenda cha tatu, nikaona damu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mbona huanzi?" Tata akauliza, akiwa bado ametazama ukuta.

"Nimemaliza, ndugu yangu," shangazi akasema.

Hapo ndipo ubishi ulipokwisha. Mogaka alikimbia kutafuta mwenye pikapu, na jua likazama tukiwa njiani, Tata amelazwa juu ya magunia, mguu ukiwa mapajani mwa shangazi.

Walimkata vidole viwili. Nesi alituambia kwamba kama angecheleweshwa wiki moja zaidi, wangekata chini ya goti, na kwamba kuna wengi huletwa wakiwa wamechelewa kwa njia hiyo hiyo. Mguu ulibaki. Bwana Mungu wangu, mguu ulibaki! Hapa naomba mniruhusu nipaze sauti, hata kama Mchungaji hatapenda.

Wiki tatu alizolala hospitali nilikuwa nikimpelekea chakula, mboga ya majani iitwayo saga na ugali mdogo wa wimbi, na hakunisemesha. Alikula, akanirudishia sahani. Siku moja akaniuliza ghafla, "Na ile ya firigisi?"

"Pia nilidanganya, Tata."

"Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote." Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko, na Tata mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Siku ile ungenisomea ukweli, ningekuita mwongo na kutafuta mtoto mwingine wa sekondari. Nilitaka kudanganywa. Lakini hilo ni langu. Lako ni lako."

Sijaongeza kitu hapo. Ndivyo alivyosema, na mimi sijaitumia nusu ya kwanza kujificha.

Sasa Tata anatembea. Mmemwona alfajiri na fimbo yake, na wengine mmemuuliza anafukuzwa na nani. Nimesikia pia kwamba ninamnyima sukari ili afe haraka nirithi majani chai. Mimi, mtoto wa pili, nirithi majani chai kutoka kwa Mogaka? Na wengine mnamhurumia kwa sababu tumbo halijarudi. Halitarudi, na tunamshukuru Mungu. Hana pumzi fupi tena. Kilima cha kuja hapa amekipanda leo kwa miguu, na Mogaka alikuwa nyuma yake akisukuma baiskeli tupu. Shangazi naye anakuja bado kila wiki, lakini kikapuni analeta mboga. Huwa anamtazama ndugu yake akizila kwa uso wa mtu aliye msibani, ila anazileta.

Najua tunavyoishi. Kuna mtu hapa ambaye sisimizi wameshamfikia na amejiambia ni mvua. Kuna mwenye karatasi ya daktari ndani ya Biblia yake, ameiacha huko kwa sababu aliyoisikia hakuipenda. Kuna anayesema mimi sili kichafu, mimi nimenona, mimi mzima. Ndugu yangu, nakusihi uitoe hiyo karatasi. Usinipe mimi kama huniamini, una haki. Ipeleke kwa watu wawili, wasome kila mmoja peke yake. Na ukiyasikia maneno usiyoyapenda, tulia kidogo kabla ya kusema anayesoma anadanganya. Mungu aliyemwokoa baba yangu hakutumia malaika. Alitumia daktari, mboga, sindano ya magunia, na mwongo aliyechoka.

Namshukuru kwa mguu wenye vidole vitatu. Namshukuru kwa kuniondolea ule uongo ambao ulikuwa unaniletea kuku na karibu unitwalie baba.

Na jioni ya leo, Sabato ikiisha, Tata atavua kiatu na kuunyosha mguu wake juu ya goti langu. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa tangu alipotoka hospitali, na hakumpa Mama wala Mogaka. Yeye hauoni unyayo wake, na akiguswa hasikii. Hugeuza uso upande mwingine akaniuliza, "Kuna nini?" kisha hungoja nimwambie, mimi niliyemtoboa. Ikiwa mtu anaweza kuniamini mimi kiasi hicho, wewe unaogopa nini kumwamini Yeye ambaye hajakudanganya hata siku moja?